Opiyo na Odongo

Duka lenyewe la picha liko Umoja, Nairobi, mwendo wa dakika chache kutoka soko la Mutindwa, kati ya kinyozi na muuza gesi. Mwenye duka ni mama wa miaka hamsini na kitu ambaye amewapiga picha watu wa mtaa huu tangu siku za filamu: harusi, ruracio (sherehe ya mahari), ubatizo, watoto wa nasari wakihitimu, na mazishi. Siku aliyonipigia simu alinisalimu, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za kazi, kisha sauti ikamshuka. "Fundi," akasema, "nimepoteza watu wangu wa miezi minne."

Nilipofika nilikuta ni kweli. Folda zake zilifika katikati ya Machi zikakoma. Harusi za Pasaka hazikuwepo, ubatizo wa Mei haukuwepo, na sasa ilikuwa Julai. Kwenye benchi ya wateja iliketi familia kutoka Buruburu iliyokuja kutafuta picha moja tu. Mzee wao alikuwa amepigwa picha mwezi wa Mei, siku ya ruracio ya binti yake, akicheka na kofia mkononi. Wiki hiyo mzee alikuwa amefariki, na picha hiyo ndiyo waliyoitaka kwenye jalada la programu ya mazishi.

Kompyuta ya kuhifadhia picha ilikuwa chini ya kaunta, imewaka, taa ya kijani, hakuna mlio wa ajabu. Ni mashine kuukuu ya ofisi, mojawapo ya zile tunazoziita "ex-UK", ambayo mpwa wa yule mama aliinunua mjini, akaiwekea Linux na diski mbili za terabaiti 2 kila moja. Aliziunganisha ziwe pacha: kila picha inayoingia inaandikwa kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Shangazi yake alifurahia wazo hilo mpaka akazibandikia majina kwa utepe mweupe. Ya kwanza Opiyo, ya pili Odongo, kama Waluo wanavyowaita pacha wa kiume kwa mpangilio wa kuzaliwa.

"Shangazi, nilikuambia kila kitu kiko mara mbili," kijana alikuwa akisema, uso umemwiva. "Hakiwezi kupotea."

Nilimwelewa kabisa, kwa sababu hata mimi niliwahi kuamini hivyo, na imani hiyo ilinigharimu.

Upacha wa diski si jambo geni. Mwaka 1988 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha makala iliyotoa hoja kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya bei ya kutisha, mtu anaweza kukusanya diski ndogo za bei nafuu na kuzifanya zibebane. Makala hiyo ndiyo iliyoleta jina RAID. Walizipanga njia zao kwa ngazi, na ngazi ya kwanza ikawa upacha. Hawakuubuni wao, kampuni ya Tandem ya Marekani, ambayo kompyuta zake zilipendwa na mabenki, ilikuwa tayari ikiutumia. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Ukiandika, unaandika kwa wote wawili. Ukisoma, unasoma kwa yeyote aliye tayari. Mmoja akifa, mwingine anaendelea na kazi bila hata kukohoa.

Hapo kwenye kutokohoa ndipo matatizo mengi ninayoitiwa huanzia. Upacha umetengenezwa ili kifo cha diski moja kisikatize kazi, na kazi isipokatizwa, hakuna anayeinua macho. Mwezi wa Machi stima ilikuwa imepotea Umoja kama inavyopotea mara kwa mara. Iliporudi, waya wa data wa Odongo, ambao haukuwa umekaza vizuri, haukushika. Mashine ilimtafuta Odongo, haikumpata, ikamwondoa kwenye hesabu, ikaendelea na Opiyo peke yake. Kwa miezi minne picha zote za duka lile zilikaa mahali pamoja, na kila mtu dukani aliamini ziko mahali pawili.

Kisha Julai mwenye nyumba akapaka rangi. Mashine ikahamishwa kutoka ukuta huu hadi ule. Katika kusukumwa huko, waya wa Odongo uliolegea tangu Machi ukaingia mahali pake, na waya wa umeme wa Opiyo ukachomoka. Mashine ilipowashwa ilimkuta Odongo tu. Odongo hakujua kwamba alifukuzwa. Kumbukumbu zake zilisema yeye na ndugu yake wako sawa, na tarehe ni Machi. Mashine ilimsubiri Opiyo kidogo, haikumwona, ikafungua duka na Odongo. Kwa hiyo hakuna picha iliyokuwa imefutwa. Aliyekuwa akijibu maswali ni pacha aliyelala miezi minne.

Kijana alikuwa ameshafungua mashine na kuugundua waya wa Opiyo. Alikuwa ameurudisha. Linux ikakataa kuwaunganisha, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akidai mwenzake ndiye aliyetoka. Kwenye skrini alikuwa ameandika amri ya kumwongeza Opiyo kwenye kundi kama diski mpya, na kidole kilikuwa juu ya kitufe. Angekibonyeza, mashine ingemchukua Odongo kuwa ndiye sahihi na kuanza kumwandika juu ya Opiyo, Machi juu ya Julai, kwa uaminifu kamili, mpaka mwisho.

Nilimshika mkono.

Nilifanya hivyo kwa sababu miaka iliyopita, Kayole, mimi sikuwa na mtu wa kunishika. Mwenye saiba mmoja alikuwa na pacha walioachana. Diski moja mpya niliyomnunulia mwenyewe, nyingine yenye kazi zake zote za miaka miwili. Programu iliniuliza nakala itoke wapi iende wapi. Diski zilikuwa za kampuni moja, ukubwa mmoja, zilitofautiana kwa herufi chache tu mwishoni mwa namba ya utambulisho ya kiwandani. Nilichagua kinyume. Baada ya saa mbili alikuwa na diski mbili zilizofanana kabisa, zote tupu. Nilimlipa nilichoweza. Kazi zake hazikurudi, na tangu siku ile siwaunganishi pacha kabla ya kuwahoji mmoja mmoja.

Kuwahoji kunafanyika hivi. Kwanza, mashine izimwe kwa utaratibu, kisha kila diski ifunguliwe peke yake, kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika hata herufi. Kwenye Linux, amri ya mdadm --examine hutoa maelezo ya kila pacha, na ndani yake mna hesabu ya matukio. Kila jambo muhimu linalolipata kundi, kama kuwashwa, kuzimwa au mwanachama kutoka, huongeza hesabu hiyo. Pacha walio pamoja huwa na namba moja. Pacha aliyeachwa nyuma hubaki na namba ndogo, na chini yake kuna saa na tarehe ya mara ya mwisho alipoandikwa. Kama mashine ni ya Windows, au kundi limeundwa na chipu ya ubao mkuu, fungua kila diski kwenye kompyuta nyingine ukaangalie faili iliyo changa kuliko zote. Ni njia ya kizamani, lakini mwenye duka anaweza kuifanya pamoja nawe, na yeye ndiye anayejua harusi ya mwisho ilikuwa ya nani.

Tatizo ni kwamba ushahidi hauko kwa mmoja tu kila wakati. Opiyo alikuwa na miezi minne. Lakini tangu kuhamishwa kwa mashine zilikuwa zimepita siku mbili, na katika siku hizo Odongo ndiye aliyekuwa akiandikwa: picha za pasipoti, kazi moja ya kanisa, na orodha ya madeni ya wateja. Ningemtangaza Opiyo mshindi na kumfuta Odongo papo hapo, ningemrudishia yule mama miezi minne na kumnyang'anya siku mbili. Diski mbili zikitofautiana, upacha hauna namna ya kusema ipi inasema kweli; ulijengwa ukidhani hazitatofautiana kamwe. Uamuzi ni wa binadamu, na hufanywa kabla ya kuunganisha, kwa sababu baada ya hapo hakuna cha kuamua.

Nilimwomba kijana akimbie mjini atafute diski ya tatu. Tukiwa tunamsubiri, nieleze magonjwa mengine ninayoyakuta huku Eastlands, maana si kila duka huanguka kwa njia hii.

Waya ndio mshtakiwa wa kwanza, na mara nyingi ndiye mkosaji. Diski hujiwekea kumbukumbu za afya zinazoitwa SMART, na programu za bure kama smartctl au CrystalDiskInfo huzisoma. Tazama kipengele namba 199, hesabu ya makosa ya njiani kati ya diski na ubao. Ikipanda huku namba 5 na namba 197 zikibaki sifuri, kwa kawaida diski ni nzima na waya ndio mbovu. Nimeona watu wakitupa diski nzuri kwa sababu ya waya wa shilingi mia chache. Namba 5 ikipanda, diski imeanza kuhamisha data kutoka sehemu zilizokufa. Namba 197 ni sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma na bado haijajua izifanyeje. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Kwa diski za mitumba angalia pia namba 9, saa ambazo imewaka. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 40,000 imefanya kazi mchana na usiku zaidi ya miaka minne na nusu kabla hujailipia.

Mshtakiwa wa pili ni betri ndogo ya duara, CR2032, iliyo kwenye ubao mkuu. Mashine zetu nyingi hutufikia zikiwa na umri wa miaka mitano au zaidi, na betri hiyo imechoka. Maadamu mashine imechomekwa ukutani, hujui. Stima ikikatika, inasahau tarehe na inasahau mipangilio, ukiwemo ule unaoiambia chipu iwaone pacha kama kitu kimoja. Ikiwaka, inaona diski mbili za kawaida. Windows ikikutana na diski mbili zenye kitambulisho kimoja huizima mojawapo, na mtu anasema diski imekufa. Haijakufa. Ukiona saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka, usiguse diski. Badilisha betri, rudisha mpangilio, kisha tazama tena.

Kuna pacha wasiolingana kimo. Diski ya kuziba pengo ikiwa ndogo kuliko iliyobaki, hata kwa sekta moja, kundi litaikataa. Hili limezidi siku hizi za SSD, ambapo moja inauzwa kama gigabaiti 240, nyingine 250, nyingine 256, na muuzaji anakuambia zote ni sawa. Kuna pacha wenye data zote lakini mmoja tu anayejua kuamsha mashine, kwa kuwa aliyesakinisha Linux aliweka programu ya kuwashia kwenye diski ya kwanza pekee. Diski hiyo ikifa, ya pili ina kila kitu isipokuwa ufunguo wa mlango. Dawa yake ni kuiweka kwenye zote mbili siku ya kwanza.

Na kuna kelele. Mwaka 2008 mhandisi wa Sun Microsystems, Brendan Gregg, alirekodiwa akizipigia kelele diski za seva, na grafu ya muda wa kujibu ikaruka pale pale kwenye skrini. Diski yenye sahani zinazozunguka husoma mistari myembamba mno, na mtikisiko huikosesha shabaha. Eastlands ni nyumbani kwa studio za muziki. Calif Records, iliyowatoa wasanii wengi wa muziki wa genge, ilichukua jina lake kutoka mtaa wa California wa huku huku. Nimeingia studio ndogo ndogo Dandora na Kariobangi nikakuta spika ya besi na kompyuta yenye pacha zikilala kwenye meza moja. Diski ikichelewa kujibu kupita kiasi, kundi huihesabu kuwa imekufa. Tenganisha meza kwanza, halafu ndipo ufikirie kununua diski.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: iweje pacha wote wawili wafe wiki moja? Garth Gibson, yule yule wa makala ya 1988, alirudia jambo hili mwaka 2007 pamoja na Bianca Schroeder. Walichambua rekodi za diski zipatazo 100,000. Karatasi za watengenezaji ziliahidi kwamba chini ya asilimia 1 zingeharibika kwa mwaka. Wao walikuta asilimia 2 hadi 4 zikibadilishwa kuwa jambo la kawaida, na mahali pengine hadi 13. Walikuta pia kwamba vifo hivyo havitawanyiki kwa bahati nasibu, vinafuatana. Kwetu sababu haiko mbali. Diski mbili zimetoka katoni moja, zimekula vumbi moja la barabara ya Outering, zimepigwa na stima ile ile ikirudi kwa nguvu. Kisha moja inakufa, na siku hiyo hiyo iliyobaki inaagizwa isomwe yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ili imjaze mgeni. Diski ya terabaiti 2 inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde itahitaji saa tano na nusu za kazi bila kupumzika, na ndani yake mna pembe ambazo hazijaguswa miaka mitatu. Kama kuna sekta mbovu, utaijua saa hiyo. Ndiyo maana nanunua pacha kutoka maduka mawili tofauti, na ikibidi miezi tofauti.

Yote haya yana dawa ikiwa mtu ataambiwa mapema. Kwenye Linux, faili ya /proc/mdstat huonyesha [UU] pacha wote wakiwa hai, na [U_] mmoja akiwa ametoka. Ni herufi moja tu imepotea. Kwenye duka la Umoja herufi hiyo ilikosekana miezi minne. mdadm inaweza kutuma ujumbe jambo hilo likitokea, na inaweza kutuma ujumbe wa majaribio ili uhakikishe unafika. Fanya majaribio hayo. Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, hapa hapa Embakasi, ilibaki gizani kwa sababu jenereta moja ya akiba haikuwaka. Jenereta hiyo ilikuwepo, na watu waliitegemea.

Na nilimwambia yule mama jambo ambalo hakulipenda: hata pacha wakiwa wazima wa afya, hana akiba. Mtoto akifuta folda, inafutika kwa Opiyo na Odongo katika sekunde moja. Kirusi kikifunga faili, kinafunga pande zote mbili. Na mwizi anayeingia usiku hachagui pacha, anabeba mashine nzima. Kinachookoa hapo ni nakala ya tatu isiyochomekwa, inayolala nyumba nyingine. Ana dada yake Donholm, na siku hizi kila Jumamosi diski hupelekwa huko ndani ya mkoba.

Kijana alirudi na diski ya tatu karibu saa kumi jioni. Tulimchomoa Odongo, tukamfungua Opiyo peke yake kwa kusoma tu kwenye kompyuta yangu. Nilimwachia mwenye duka kiti. Alishuka kwenye folda polepole, Machi, Aprili, akipita majina ya watu na kuyasoma kwa sauti ya chini. Mei ilikuwepo. Nilisisitiza tunakili kila kitu kwanza kwenda diski ya tatu, kisha zile siku mbili za Odongo kwenye folda yake, ndipo Odongo afutwe na kuingizwa upya kama mtoto mchanga. Kazi hiyo ingeisha usiku wa manane.

"Hiyo itasubiri," akasema. "Hawa hawawezi kusubiri."

Alikuwa na haki. Tulinakili picha ile moja kabla ya nyingine zote. Aliifungua kwenye skrini kubwa, akaanza kuikata ifae jalada, uso na mabega kama ilivyo desturi. Binti wa mzee akainuka kwenye benchi, akaja akasimama nyuma yake.

"Tafadhali, mama," akasema, "usiikate kofia."

Akairudisha picha kama ilivyokuwa, akawasha printa.